Fisi Alivyomfunza Kitoweo Chake

Jamani, masikio mmekuja nayo?
—Tumekuja nayo!
Na kati ya masikio kuna nini?
—Inategemea ni ya nani!

Basi palikuwa na Fisi, mkuu wa bonde, mwenye tumbo kubwa na kelele kubwa zaidi. Siku moja akamkuta Mama Swala kichakani, uchungu umemshika. Fisi akaziba njia ya kutokea, akajilaza.

"Zaa upesi, mama. Nitaanza na mtoto. Ubongo kwanza."

Mama Swala angeweza kumruka akaenda zake. Lakini mtoto je? Akazaa, pwa! Mtoto akalala pale, miguu kama njiti.

Sange, yule mdogo kama panya mwenye pua ndefu, akachungulia. "Mkubwa, utakula ubongo huo? Una ladha ya maji ya kunawa."

"We pua, unajua nini?"

"Humo mna vijia tu, vyembamba kama vya siafu. Cha sikio hakijakutana na cha mguu. Kijia kikipitwa sana kinapanuka, ubongo unanona. Mwimbie, mkubwa. Sauti yako ipite."

Fisi akameza mate, akaimba: "Nitakula-aa!"
Sange akamng'ata mtoto mguuni, nyu! Mtoto akashtuka.
"Nitakula-aa!"
Nyu! Mtoto akasimama, akaanguka.
"Nitakula-aa!"
Nyu! Mtoto akaruka.

"Sange, unamuumiza mwanangu!" Mama Swala akalia.

"Nyamaza, dada," Sange akanong'ona. "Nakusomeshea."

"Umenona?" akauliza Fisi.

"Bado kidogo. Paza sauti, mkubwa, majirani wasikie unavyojua kulea."

Fisi akavimba kichwa. Mchana kutwa akaimba, Sange akang'ata, mtoto akaruka. Mwishowe Sange akasema, "Sasa umeiva," akakaa kando, mdomo kafumba.

Fisi akasogea. Angekula kimya, angeshiba. Lakini mkubwa hali bila kutangaza.

"Nitakula-aa!"

Hakuna aliyeng'ata. Mtoto, fyatu! Akapita juu ya mgongo wa Fisi, fyuu, hadi bondeni, mama yake nyuma.

Taya za Fisi zikafungana, kwa! Ndani mlikuwa na ulimi wake mwenyewe.

Ngano yangu imeketi hapo, anayeweza aisimamishe.

Funzo lake shikeni: kichwa cha mtoto mchanga ni kitupu, msijisumbue kumsemesha. Akili anayo mkubwa, maana njia zake zimeshafungwa, hakiingii kitu. Mkibisha, kamuulizeni Fisi. Ila msubiri ulimi upone.