Hakuna Changu Wala Chako

Hapo zamani za kale, wanangu, majabali yalipokuwa bado na milango, Pimbi alikuwa na watoto wengi na kikaango kimoja. Kila asubuhi alipika vitumbua mlangoni pake. Chwaa! Harufu ya iliki ikawatoa wanyama vitandani, wakaja kununua. Kikaango hicho ndicho kilichowalisha wanawe.

Siku moja akaja mjomba wake, Tembo. Mnacheka nini? Wale ni ndugu wa damu, asiyeamini akatazame meno yao.

Tembo alitaka wafanye biashara pamoja. Pimbi apike, yeye asimamie. Pimbi akauliza kwa adabu watagawanaje.

"Mpwa wangu, tugawane nini nasi ni damu moja? Hakuna changu wala chako."

Huku anasema, mkonga umeshafika kwenye sinia. Fyuu! Vitumbua vyote vikaenda, wateja wakarudi makwao na midomo mikavu.

Pimbi akapiga hesabu. Akimkatalia mjomba, ukoo mzima utasema ana kiburi. Akikubali, wanawe watalala njaa. Akaomba apewe hadi kesho afikirie.

Kulipokucha, Tembo akazinduliwa na kelele shambani kwake. Karakacha, karakacha! Kutoka nje, anamkuta Pimbi na wanawe, dada zake, binamu zake, na mashemeji ambao hata Pimbi mwenyewe hakuwajua vizuri. Migomba imejaa pimbi juu mpaka chini, wanamenya ndizi kwa raha zao. Vikongwe wawili wameshapanda kitandani kwake.

Tembo akapiga mbiu mpaka majirani wakaja mbio.

"Mnafanya nini shambani kwangu?"

"Kwako, mjomba?" Pimbi akashangaa, ndizi mkononi. "Nimeyafikiria maneno yako, nikayaona mazuri sana. Hakuna changu wala chako. Hawa ni wachache tu, wengine wako njiani."

Tembo akatazama njia ya majabalini. Vumbi lilikuwa linatimka kweli. Mkonga ukamlegea.

"Hapana, mpwa wangu. Changu ni changu, na chako ni chako."

"Sema kwa sauti, mjomba. Majirani hawakusikia."

"Changu changu! Chako chako!"

"Hata kikaango?"

"Hata kikaango! Waite watu wako waondoke!"

Pimbi akashusha pumzi ndefu, ile aliyoibana tangu jana. Akawaita nduguze, wakarudi majabalini, naye njia nzima anacheka huku machozi yanamtoka kwa furaha.

Kesho yake Tembo akaja mlangoni na mkungu wa ndizi wa kubadilisha na vitumbua. Pimbi akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, na mjomba akasimama kwenye foleni nyuma ya Kima.

Hadithi imeiva, naepua: ndugu akitaka muunganishe kazi, kwanza msikilize anavyokitaja kilicho chake.