Maharage Juu ya Seva

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa bado na akili ya kuunda kompyuta, Mama Tembo alikuwa na kiwanda cha seva, zile kompyuta kubwa zinazohudumia nyingine. Chipu, yaani ubongo wa seva, alinunua kwa Bwana Kifaru peke yake.

Kindi naye alitengeneza chipu, yeye na mkewe na wanawe saba. Hakuna aliyezinunua. Siku moja akamwambia mkewe, "Mama Tembo akinikataa leo, tunafunga karakana." Akaenda kiwandani huku mvua ikinyesha, roho juu.

"Shikamoo, Mama Tembo."

"Marahaba, Kindi. Umenikuta na shida. Seva zangu zinazimika kila siku. Kifaru huyu hapa anasema ni jua."

"Ni jua!" Kifaru akanguruma. "Chipu zangu hazina kasoro."

Kindi aligusa seva. Lo! Mkono nusura uungue. Akatabasamu kwa adabu.

"Kweli, mzee. Lakini huko njiani wanakusema. Eti chipu zako zimeishiwa nguvu, haziwezi kuchemsha hata chai."

"Nani kasema? Chai? Chai!" Kifaru akapiga mguu chini, puu! "Wafanyakazi wangu hupikia maharage! Leteni sufuria!"

Sufuria ikatua juu ya seva. Haukupita muda, tokoto, tokoto, tokoto! Mvuke ukajaa chumba. Kifaru akaonja, akalamba midomo.

"Yameiva! Yamebaki chumvi tu! Nani tena atasema sina nguvu?"

Seva ikalia piii, kisha zii, ikazimika.

Mama Tembo akatazama dirishani, mvua ikimwagika.

"Kifaru," akasema polepole, "jua liko wapi leo?"

Kifaru akabaki na mwiko mkononi. Aibu ilimshika hasa.

"Kindi, tia chipu yako," akasema Mama Tembo.

Kindi akaitia. Seva ikafanya kazi mpaka jioni. Mama Tembo akaipapasa kwa mkonga, akaikuta baridi kama mtungi.

"Niletee za seva zote," akasema. "Na Kifaru, chukua sufuria yako."

Kindi alirudi nyumbani mbio, akicheka na kulia pamoja. Nanyi wanangu, shikeni hili: mpe mwenye majivuno nafasi ya kujisifu, atakutolea siri yake mwenyewe.