Mtoto wa Mlango wa Nguo Chafu

Hapo zamani, si zamani sana, fotokopi zilikwisha kuwako, palikuwa na nchi yenye huruma kupita kiasi: matibabu bure kwa kila mtu. Kila mtu mwenye kadi, lakini.

Nyamizi alihamia huko na mumewe mwashi, akiwa na mimba. Akaenda hospitali. Dirishani alikaa karani, Bi Sihaba.

"Kadi?"

"Sina, dada."

"Kalete barua ya mtaa."

Akaenda ofisi ya mtaa. "Barua? Kalete kadi kwanza." Akaenda, akarudi, akaenda, akarudi. Tumbo likakua, barua haikutoka. Akaapa hakanyagi tena pale, heri azalie chumbani kwake.

Uchungu ulipomshika, jirani yake Mwanasha akamtilia kadi yake mkononi. "Inuka, mwanangu! Leo wewe ndiye Mwanasha. Nenda!"

Akaenda. Bi Sihaba akaisoma kadi pole pole, maana uchungu wa mwenzio hauna haraka. "Hongera, bibi. Miaka sitini na mmoja na bado unazaa!" Akaifungia kadi kwenye droo. Nyamizi akaanguka pale pale, damu zinamtoka. Aliogopa, jamani, aliogopa kufa ugenini.

Dorika, mfagizi, akatupa ufagio, akambeba hadi wodini kwa mlango wa nguo chafu, mlango pekee usiouliza kadi. Hospitali ile mwenye kadi husomwa kundi la damu kadini, asiye na kadi hupimwa. Wakunga wakampima damu, wakamwongezea, na mtoto wa kike akalia.

Kwa kina Nyamizi, mtoto hupewa jina la aliyemwokoa. Wakaja watatu.

Mwanasha akasema: "Bila kadi yangu asingetoka chumbani. Sasa imenaswa, na dawa zangu za presha sipati."

Dorika akasema: "Mimi nilimbeba mgongoni. Nimefukuzwa kazi."

Bi Sihaba naye, hana hata haya, akaja na cheti cha mfanyakazi bora. "Kadi ile imeandikwa damu kundi B. Huyu ni O. Ningeikubali, wangemwongezea damu ya kundi la jirani, tukamzika. Nimemwokoa kwa kumkatalia."

Na kinachouma ni kwamba alisema kweli.

Sasa Nyamizi amesimama dirishani, mtoto kifuani, fomu ya cheti cha kuzaliwa mkononi. Nafasi ya jina ni moja, na muhuri anao Bi Sihaba. Haya, ninyi mnaotikisa vichwa kama watu wenye kadi: mtoto aitwe nani?