Tope Barazani kwa Mwenyekiti

Tope la kijito lina mwenyewe kilimani. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, nami nilikuwepo, na hasira yake mpaka leo haijanitoka.

Kijito chetu cha Mbaghai kilijaa tope hata ng'ombe wakakataa kunywa. Mjane mmoja, Nakijwa, akatukusanya wanawake kumi na wawili. Kila Alhamisi tulizoa tope kwa makarai na kupanda matete kingoni, kwa kujitolea tu. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kirumbe, alikuwa akipita kutusifu. "Mama zangu, ongezeni bidii!"

Mvua moja tu, tope likarudi. Tukazoa tena. Likarudi tena. Mwaka wa pili ukingo ulimporomokea mwenzetu Naetwe, ukamvunja mguu. Tulimfukua kwa mikono, naye analia.

Tulipomfikisha zahanati, Nakijwa hakurudi nyumbani. Alishika jembe, akalifuata tope kupanda mlima, nasi nyuma yake. Huko juu tulikuta miti ya chemchemi imefyekwa yote, tangawizi imelimwa mpaka kwenye jicho la maji, na matuta yote yameelekea bondeni, yakimimina udongo kijitoni.

"Shamba la nani hili?" Nakijwa aliwauliza vibarua.

Wakatazamana. "La mwenyekiti, mama."

Tulishuka, tukajaza makarai tope, tukajitwika hadi kwake. Alikuwa barazani anakunywa chai na wageni. Tukalimwaga miguuni pake.

"Mna wazimu? Hilo si tope la kijito? Lirudisheni huko!"

"La kijito?" Nakijwa alimjibu. "Tope la kijito lina mwenyewe kilimani! Miaka miwili unatusifu, kumbe tunazoa uchafu wako. Leo Naetwe amevunjika mguu. Tangawizi itoke, Kirumbe, au kesho tunaleta jingine, na keshokutwa, mpaka likufikie kitandani."

Wageni waliondoka bila kumaliza chai. Siku nne tulimwagia. Ya tano akang'oa tangawizi yake, nasi tukapanda miti kule juu. Maji yalitakata baada ya masika mawili. Naetwe alichechemea mpaka kufa kwake, na yule bwana hakuwahi kumwomba radhi.

Basi mkiona uchafu unawarudia kila mnapousafisha, na aliyesimama pembeni anawahimiza mwongeze bidii, msijilaumu. Inueni macho. Tope la kijito lina mwenyewe kilimani.