Mama Asiyeachia Mwiko

Kulikuwa na mama mmoja, mwenyekiti wa wanawake katika usharika fulani. Si usharika huu, kwa hiyo msianze kugeuza shingo. Sherehe zote za kanisa alipika yeye. Kamati ya mapishi ilikuwa na wenzake watatu, lakini kazi yao ilikuwa kukaa kwenye benchi na kusema, "Pole na kazi, mwenyekiti." Ukigusa mwiko wake, alikutazama mpaka unaurudisha mwenyewe.

Basi mama akaanza kuumwa. Mifupa inauma, kiu haiishi, presha imepanda, na moyo unadunda mara tatu, unaruka moja, unarudi kwa fujo. Usharika ukafunga na kuuombea moyo wa mama. Wakamkataza chumvi, wakamkataza habari mbaya, mpaka mchungaji akaambiwa asihubiri jehanamu akiwepo. Moyo unaruka vilevile.

Mumewe akampeleka hospitali kubwa. Daktari akapima damu, akasema, "Mama, tusiusingizie moyo. Shingoni una tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, zinaagiza itolewe mifupani. Ikitosha, zinaacha. Sasa yako moja imevimba kama harage, na haijui kuacha. Inachota tu. Mifupa inakwisha, damu imejaa kalsiamu, na anayeteseka ni moyo."

Mume akaguna. "Daktari, hiyo tezi naijua. Nimekaa nayo nyumba moja miaka thelathini."

"Tutaitoa," daktari akasema, "lakini siku za mwanzo ni za kuangalia sana. Zile tatu zimelala muda mrefu, kwa sababu mwenzao alikuwa anafanya kila kitu. Mpaka ziamke, kalsiamu inaweza kushuka ghafla, moyo ukayumba tena. Utameza vidonge bila kukosa, na utatulia nyumbani."

Mama akamkazia macho. "Nani amekupigia simu kutoka usharikani?"

Mnacheka. Mnadhani alitulia?

Alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani. Siku chache baadaye ikawa sikukuu ya mavuno. Mama akajifunga kitambaa shingoni, akatoroka kwa mlango wa jikoni, vidonge akaviacha mezani. Anafika kanisani, anaukuta mwiko mikononi mwa mwenzake! Akanyoosha mkono auchukue. Vidole vikafa ganzi, midomo nayo, moyo ukaanza fujo zake. Akaketi juu ya gunia la vitunguu, akalia kwa hofu, "Jamani, nakufa!" Mumewe akatokea anahema, vidonge mfukoni, maana alimjua. Akamtafunisha viwili, wakamkimbiza hospitali.

Jioni, moyo umetulia, wale watatu wakaja na bakuli la pilau. Mama akaonja. Akaonja tena. Akaweka kijiko chini.

"Hili mmepika wenyewe?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Mlijifunza lini?"

Wakatazamana. Mmoja akajikaza: "Tulijua siku zote, mama. Hukuwahi kutuachia mwiko."

Ndugu zangu, miaka yote mama yule alikuwa akilalamika kwamba wenzake wamelala. Nani aliwalaza? Na sisi je? Tunashika kwaya, tunashika kamati, tunashika kila msiba na kila harusi, tunachota nguvu zetu mpaka mifupani, na tunaita utumishi. Halafu tunashangaa tukifika nyumbani tumebaki maganda, hatuna hata neno jema kwa mume au mke. Mungu alitia tezi nne shingoni, hakutia moja. Alijua anachofanya. Na wewe wa kwenye benchi, usicheke sana. Mwenzako akiondolewa leo, usharika utayumba mpaka uamke, na mimi inaniogopesha kuwaza utachukua muda gani.

Nilikuwa na mambo mengine manne ya kusema. Lakini mzee wa kanisa ametazama saa mara mbili, nimemwona, na imetosha. Mama uliyekaa pale karibu na mlango, miaka sita hatujakuomba hata usome matangazo. Njoo mbele utuombee. Mimi naenda kukaa.