Chokaa ya Bibi Kaliopi

"Usiicheke chokaa kabla hujaona ilichofunika." Mmenisikia nikisema hivyo mlipokuwa mkimcheka shangazi yenu kwa kufunga picha ya marehemu mumewe kwa kanga tatu, na sasa mnataka kujua methali hii imetoka wapi. Haya, chanzo chake ni hiki. Nilisimuliwa na Thanasi, Mgiriki niliyefanya naye kazi katika shamba la mkonge, nami sitatia chumvi ila kidogo.

Kwao Thanasi ni Paliolithi, kimji cha mlimani ambako ukichimba shimo la choo unakutana na ukuta wa watu wa kale. Mlangoni kwa Bibi Kaliopi palikuwa na nguzo fupi ya marumaru iliyobeba paa la baraza. Watu wa huko hupaka nyumba zao chokaa kila mwaka kabla ya Pasaka, naye aliipaka na nguzo. Mama mkwe wake alimwachia wosia mmoja tu, kwamba nguzo ile isiingie Pasaka ikiwa uchi. Kaliopi aliushika miaka hamsini bila kuuliza sababu.

Ndipo akaja Despina, binti msomi wa mambo ya kale. Alipoiona nguzo alikasirika, akamwambia bibi kwamba ameharibu urithi wa taifa na kwamba ingeng'olewa ipelekwe makumbusho. Baraza lingebomoka, lakini si baraza lililomliza Kaliopi. Aliogopa kukutana na mama mkwe wake ahera akiwa amevunja neno lake. Majirani, wenye chokaa hiyohiyo mikononi, wakamcheka mbele ya mgeni. Ndivyo binadamu tulivyo.

Despina akatoa kisu kidogo, akaanza kukwangua. Chokaa ilibanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu, mpaka zikatokea herufi, safi kana kwamba zimechongwa juzi. Binti akageuka kuutazama uwanja wa kimji. Uwanjani palikuwa na nguzo kama hiyo, iliyoachwa wazi ili wageni waitazame, na mvua ilikuwa imeilamba hata haisomeki tena.

"Imeandikwa nini, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Ni jiwe la kaburi, bibi. Mama anamlilia binti yake, Filista, aliyefariki akiwa na miaka saba. Anasema, 'Wewe upitaye, usimwache mwanangu na baridi.'"

Bibi Kaliopi alikaa kizingitini, akalia. "Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikimvika mtoto," alisema.

Despina alinakili maneno yote kwenye karatasi. Kisha akaomba ndoo, akakoroga chokaa kwa mikono yake, akampa bibi brashi. Pasaka ilikuwa keshokutwa. Nguzo ilibaki mlangoni.

Basi nendeni mkamwombe radhi shangazi yenu. Akiwauliza ni nani aliyewatuma, mwambieni mmetumwa na neno la Paliolithi: usiicheke chokaa kabla hujaona ilichofunika.