Kura za Maghorofa ya Njano

Kitu kikishabingirika mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuitwa. Unaweza kusimama katikati ya chumba ukakiamrisha, ukakibembeleza, hata ukakiimbia. Kitabaki huko huko na vumbi lake. Asiyetaka kuchafua magoti hana budi kukisahau. Glory aliyajua hayo tangu utoto wake kule Marangu, maana ndiye aliyetumwa kuokota sindano na vifungo vya bibi yake aliyekuwa mshonaji. Lakini si kila alijuaye neno hulitenda.

Glory alikuwa muuguzi katika hospitali moja kubwa ya Houston. Yeye, mumewe Kalisti na binti yao wa miaka minne walikaa katika mji mdogo jirani na Stafford, kwenye mtaa wa nyumba za matofali na nyasi zilizokatwa zikawa kama zulia. Ng'ambo ya barabara kuu yalikuwepo maghorofa ya njano. Humo walikaa Warundi waliokuja Marekani kama wakimbizi, na wengi wao sasa walikuwa raia. Barabara hiyo haikuwa na njia ya waenda kwa miguu. Kila asubuhi, akiwa ndani ya gari lake, Glory alimwona dada mmoja akisukuma kigari cha mtoto ukingoni mwa mtaro, malori yakimpita karibu hata kitenge chake kikapepea kama bendera.

Siku moja, mvua ikiwa imenyesha, gurudumu liliteleza. Dada yule alikidaka kigari kikiwa kimeshaning'inia juu ya maji. Glory alisimamisha gari. Alipomfikiria mwanawe mwenyewe, machozi yalimlengalenga. Jioni ile alimwambia Kalisti, "Nitagombea udiwani. Njia ile lazima ijengwe."

Nia yake ilikuwa safi kama pamba. Kasoro ilikuwa katika namna ya kuitimiza.

Kampeni iliongozwa na Twalibu, mtaalamu wa kompyuta na rafiki wa familia. Alipomshauri azunguke mlango kwa mlango, Glory alikunja uso.

"Nibishe hodi kwa watu kama muuza sabuni? Hapana, kaka Twalibu. Wale ni watu wetu. Tuwaite, wale, tuwaambie, basi."

Wakakodi ukumbi. Pilau likapikwa, mbuzi wakachomwa, na watu wa maghorofa ya njano wakafurika kama siafu. Glory alipanda jukwaani na suti ya buluu, akashika kipaza sauti, akaomba kura na kuahidi njia. Vigelegele vilipasua paa. Usiku haujaingia, kundi la WhatsApp la kampeni lilikuwa limejaa vidole gumba zaidi ya mia mbili.

"Dada, hawa wote wako mfukoni," Twalibu alisema akicheka.

Mwezi wa Mei kura zilipigwa. Glory alishindwa kwa kura thelathini na moja.

Twalibu alikuja na orodha ya waliopiga kura. "Katika maghorofa ya njano wamejiandikisha watu hamsini na wanane," alisema. "Waliopiga kura..." Akakohoa.

"Sema tu."

"Watatu."

"Na pilau walikula wangapi?"

"Hiyo, dada, hatukuiandika."

Moyo wa Glory uligeuka nyongo. Kwa siku mbili hakutaja maghorofa yale bila kuongeza neno "shukrani ya punda". Siku ya tatu mlango ulibishwa hodi. Alikuwa mama mmoja mzee, Jeannette, ambaye siku ya karamu alifungiwa pilau lililobaki katika sufuria ya Glory. Alikuwa ameirudisha, na ndani yake alikuwa amepanga mafungu mabichi ya lengalenga, mchicha wa kwao.

"Chukua, mwanangu. Sufuria ya watu hairudi tupu."

Glory aliipokea, akaiweka chini. "Shikamoo, mama. Nikuulize, na usinifiche. Mbona mlininyima kura?"

"Kura?" Mama Jeannette alishangaa kweli. "Uliniomba lini?"

"Si nilisema pale ukumbini!"

"Ulisema na kipaza sauti. Mwanangu, mimi kambini kule Kigoma nilikaa miaka kumi na minne. Kipaza sauti kikilia, tunapanga foleni, tunachukua unga, tunarudi. Hakuna aliyetuuliza jambo. Basi na wewe ulituita, tukala, tukashukuru, tukarudi. Mwenye haja na mimi anakuja kwangu. Hata anayetaka binti anatuma wazee waje wakae. Hapigi kelele barabarani."

Macho ya Glory yalishuka hadi miguuni mwa mzee yule, akaona tope la mtaro limempanda hadi kwenye vifundo. Mama mzima alipita ukingo ule na sufuria kichwani, ili tu arudishe cha watu. Na yeye mwenye gari, mwenye kuutaka udiwani kwa ajili ya njia ile ile, hakuwahi kuvuka barabara.

"Karibu ndani, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Karibu chai."

Miaka miwili ilipita, uchaguzi ukarudi. Safari hii Glory mwenyewe ndiye aliyesema, "Tunakwenda milangoni."

"Dakika mbili kila mlango," Twalibu alimfundisha. "Unatabasamu, unaacha karatasi, unaondoka."

Katika nyumba za matofali ilikuwa hivyo. Katika maghorofa ya njano dakika mbili hazikutosha hata kuvua viatu. Ilibidi akae, anywe Fanta, aulizwe habari za wazazi wake hadi wajomba, aoneshwe picha za siku ya kula kiapo cha uraia, huku watoto wakipita na kusema "Hi, Auntie" bila kusimama. Siku ya kwanza alimaliza milango mitatu.

"Mitatu!" Twalibu alishika kichwa. "Kwa mwendo huu tutamaliza kura zikishahesabiwa!"

"Basi njoo na wewe unywe Fanta, tugawane milango."

Akaja. Na huko, wakiwa wamekaa, waliyasikia ambayo kipaza sauti hakikuwahi kuwaambia. Wengine walidhani kura hupigwa Novemba tu, wakati wa kumchagua rais. Wengine kadi za kupigia kura zilizokuja kwa posta walizificha, wakihofu ni barua za mahakama. Yule dada wa kigari aliitwa Sabine, alifanya kazi ghalani, na Mama Jeannette alikuwa mama mkwe wake.

Kwa Mama Jeannette walifika wiki ya mwisho.

"Mimi nitakuombea tu," mzee alisema. "Jina langu wameliandika, lakini pale kituoni wanataka leseni ya udereva. Na mimi gari nalijua kwa kupanda tu."

"Cheti cha uraia chenye picha yako unacho, mama? Hicho nacho wanakikubali."

Mzee alimtazama Sabine, kisha akatazama chumbani. "Kiko sandukuni. Sanduku liko mvunguni, kule ukutani kabisa. Mgongo wangu haufiki."

Sabine alikuwa ananyonyesha mtoto wake wa pili. "Nitalitoa baadaye, mama," alisema.

Glory alijitazama. Alikuwa amevaa suti ile ile ya buluu. Akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi, mkono ukazama mvunguni hadi begani.

"Umelishika?" Mama Jeannette aliuliza.

"Bado, mama."

"Sogea kushoto. Hivyo ni viatu vya marehemu mume wangu, usiviguse."

"Dada Glory," Sabine alicheka hadi mtoto akaachia ziwa, "tunakuona miguu tu!"

Akatoka na sanduku, utando wa buibui ukiwa nywelani. Ndani, chini ya kadi ya mgao wa kambini, kilikuwepo cheti, kimefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga. Mama Jeannette alikipapasa.

"Sanduku hili nimelikimbiza nchi tatu," alisema taratibu. "Wengi waliniamrisha nilifungue. Wewe ndiye wa kwanza kulala chini ukanisaidia kulitoa."

Jumamosi ya uchaguzi, madereva walipunguza mwendo kutazama. Wanawake wa vitenge walikuwa wakipita mmoja mmoja ukingoni mwa mtaro, Mama Jeannette mbele, cheti kifuani. Katika watu hamsini na wanane wa maghorofa yale, arobaini na wanane walipiga kura. Glory alishinda kwa kura kumi na tisa.

Kesho yake mzee alileta tena lengalenga. "Hongera, Mheshimiwa. Kiti umekipata. Lakini usinyooke haraka. Njia bado haijajengwa."

Siku ya kikao cha kwanza, Glory aliliacha gari nyumbani. Alivuka barabara, akashika upande mmoja wa kigari na Sabine upande wa pili, wakaufuata ukingo wa mtaro hadi ofisi za mji. Aliingia barazani na tope kwenye pindo la suti yake, wala hakulifuta. Zamu yake ya kusema ilipofika aliinuka na kuitaja njia, naye akajua moyoni kwamba bibi yake, kwa sindano zile, alikuwa amemfundisha siasa yote: mtaka cha mvunguni sharti ainame.